Chini ya Nyota 7,850

Vyumba vya nyumba za kale za Ghuba vilikuwa vyembamba kwa sababu ya mikoko yetu. Boriti iliyokatwa katika delta ya Rufiji au visiwa vya Lamu haikuwa ndefu. Ikishachongwa na kupakiwa jahazini, iliweza kuvuka nafasi ya mita tatu hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Fundi wa Kuwait, wa Bahrain au wa Abu Dhabi hakuwa na mbao ya kutosha karibu naye, maana jangwani haipatikani. Basi alijenga chumba kirefu kadiri alivyotaka, lakini upana alipangiwa na mti uliokatwa maelfu ya kilomita kusini kwake, na watu ambao hangewaona maisha yake yote. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimebanwa na kipimo hicho hicho. Mtu wa Mkunazini, Unguja, akiingia gizani katika chumba cha kale cha Ghuba, mkono wake utajua ukuta wa pili uko wapi.

Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, hadi siku ambazo wazee wetu bado wanazisimulia. Majahazi ya Ghuba yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakangoja pepo zigeuke, kisha yakapanda na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alijiunga huko Aden na jahazi la Kikuwait la nahodha Ali al-Najdi, akasafiri nalo hadi Unguja na Rufiji, ambako mabaharia walishinda topeni wakipakia boriti za kwenda Kuwait. Kitabu alichoandika kilitoka mwaka 1940. Mjini Abu Dhabi kwenyewe, ngome ya Qasr al-Hosn, jengo la mawe lililo kongwe kuliko yote mjini humo, ilijengwa kwa matumbawe na chokaa na kuezekwa kwa boriti za mikoko, vile vile ambavyo ingejengwa Pate au Kilwa.

Nimeanza na boriti kwa sababu sura hii ni habari ya paa, na kwa sababu nataka msomaji wangu aingie katika jumba nitakalomtembeza akijua kwamba ana haki nalo. Watu wengi wa kwetu huingia katika makumbusho makubwa ya dunia kwa adabu ya mgeni: hunong'ona, hupita haraka, hupiga picha mbili tatu, hutoka. Wanadhani mambo yaliyomo ni ya wenyewe. Louvre Abu Dhabi ni mahali pazuri pa kuiacha adabu hiyo mlangoni.

Jumba hilo liko Saadiyat, kisiwa kilicho kando ya mji, na ukilitazama kwa mbali huoni jumba. Unaona kuba moja bapa, la rangi ya fedha, limelala juu ya maji. Kipenyo chake ni mita 180. Uwanja mzima wa mpira ungeingia chini yake na kona zake zote nne. Mchoraji wa ramani zake ni Jean Nouvel, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye mwaka 1987 alikwisha kupata sifa mjini Paris kwa jengo la Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, lenye ukuta wa vioo uliojaa matundu ya kufunguka na kufumba kufuata jua. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu majengo. Kwa Abu Dhabi alijiuliza swali ambalo kila mtu wa nchi ya joto amejiuliza: nitakaa wapi jua likiwa utosini?

Jibu lake ni kuba lililofumwa kwa tabaka nane. Nne za juu zimevikwa chuma kisichoshika kutu, nne za chini zimevikwa alumini, na katikati yake kuna fremu ya chuma yenye kimo cha mita tano. Kila tabaka ni wavu wa nyota, kubwa na ndogo, zilizogeuzwa pembe mbalimbali. Nyota zote ni 7,850. Mwale wa jua ukipenya tundu la tabaka la kwanza hukutana na la pili, na hapo labda tundu lipo, labda halipo. Mwale unaofika chini ni ule uliopata njia mara nane. Jua linapojongea mbinguni, njia hizo huzibika na nyingine hufunguka, na madoa ya nuru sakafuni hutembea, hukua, hufifia, huzuka upande wa pili wa uwanja. Nouvel aliiita mvua ya nuru. Alisema alijifunza kutokana na mapaa ya makuti ya mtende, yale yaliyofunika vibanda vya wavuvi wa Ghuba kabla ya mafuta. Yeyote aliyewahi kulala mchana chini ya makuti, akahesabu vijishimo vya jua mkekani, ataelewa mara moja jambo ambalo mgeni kutoka nchi ya baridi huhitaji kuelezwa.

Uzito wa kuba ni tani 7,500 hivi, karibu sawa na chuma cha mnara wa Eiffel. Limekaa juu ya nguzo nne tu, zilizo umbali wa mita 110 moja hadi nyingine, na nguzo hizo zimefichwa ndani ya majengo ya chini, hivi kwamba ukisimama katikati huoni kinacholibeba. Lilijengwa kwa vipande vikubwa 85, vingine vya tani 50, vikaunganishwa juu ya minara ya muda, kisha zima likateremshwa taratibu kwa jeki hadi likakaa. Wakati wote wa ujenzi eneo lilizungushiwa kuta za kuzuia maji, na kazi ilipomalizika bahari iliachiwa iingie. Ndiyo maana leo maji ya chumvi yamefika hadi kwenye ngazi, na bahari inapojaa na kupwa mtu huyaona maji yakipanda na kushuka katikati ya nyumba.

Chini ya kuba pamejengwa majengo 55 meupe, mengine marefu na mengine mafupi, yenye vichochoro kati yake, kama mji wa kale wa Kiarabu. Vyumba vya maonyesho viko ndani ya 23 kati ya hayo. Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Huikatiza barabara ile ya kivuli mbio kuelekea milango ya vyumba vyenye hewa baridi, wakidhani makumbusho huanzia huko. Yanaanzia nje. Uwanja ule chini ya nyota hauna mlango wala kioo. Upepo wa baharini unaingia, sauti za watoto zinaingia, na joto la Ghuba linabaki nyuma hatua chache. Kwa maoni yangu hakuna mchoro ndani ya vyumba unaoushinda. Tena vyumbani, ukishaingia, kuba halionekani tena, isipokuwa pale dirisha linapofungukia maji; vyumba vyenyewe ni virefu, vya heshima, vinafanana na vya makumbusho mengine mazuri. Basi keti kwanza kwenye ngazi za majini. Nenda karibu na adhuhuri, siyo jioni, kwa sababu nyota zinafanya kazi jua likiwa juu. Epuka Juni hadi Septemba ukiweza. Jumatatu hufungwa. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na ningependa wazazi wa Kiswahili wanaoishi Dubai, Sharjah na Muscat walijue hilo kuliko jambo jingine lolote katika ukurasa huu.

Jina Louvre lilifikaje jangwani? Kwa mkataba wa serikali mbili, Ufaransa na Umoja wa Falme za Kiarabu, uliosainiwa tarehe 6 Machi 2007. Abu Dhabi, ambayo ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1962 na kabla ya hapo iliishi kwa lulu, tende na samaki, ilikubali kulipa yuro milioni 400 kwa kulitumia jina hilo miaka 30. Pamoja na kuazimwa kazi za sanaa, maonyesho ya muda na utaalamu wa Wafaransa, jumla ilikaribia yuro bilioni moja. Baadaye muda wa jina uliongezwa hadi 2047. Wataalamu kadhaa wa sanaa Ufaransa walipinga vikali, wakisema makumbusho hayauzwi. Jumba lilitarajiwa kufunguliwa 2012, likafunguliwa kwa umma tarehe 11 Novemba 2017.

Katikati ya miaka hiyo kuna jambo ambalo mtu asiliruke. Kuanzia 2009 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu vibarua wa Saadiyat, wengi wao kutoka Asia Kusini: ada za mawakala walizolipa kwa kukopa, pasipoti zilizoshikwa, mishahara iliyokuwa chini ya ile waliyoahidiwa. Zilitungwa kanuni mpya, wakajengewa makazi mapya, na ripoti zikaendelea kutoka baada ya hapo. Mtu wa Mombasa, wa Tanga au wa Kampala aliye na dada au kaka aliyekwenda Ghuba kwa mkono wa wakala hahitaji kufafanuliwa mambo haya. Nikiitazama nuru ile ikitembea sakafuni nawakumbuka waliopanda juu na kuifunga kila nyota mahali pake. Majina yao hayamo ukutani.

Sasa tuingie.

Chumba cha kwanza ni ukumbi mkubwa ambao sakafu yake imetiwa mistari kama ya ramani ya bahari, na majina ya mahali yameandikwa humo. Juu ya mistari hiyo yamesimama makabati ya kioo, na katika kila kabati vimewekwa vitu vinavyofanana vilivyotoka kwa watu ambao hawakuwahi kukutana. Kabati linalonishika mimi ni la mama na mtoto. Yupo Isis wa Misri akimnyonyesha Horus. Yupo Bikira Mariamu na mwanawe, pembe ya ndovu iliyochongwa Ufaransa karne ya 14. Na yupo mama wa Kiyombe, kutoka misitu iliyo karibu na mdomo wa mto Kongo, ameketi na mtoto wake. Sanamu za aina hiyo huitwa phemba.

Ni rahisi kusema: tazama, binadamu ni mmoja, mama ni mama. Jumba lenyewe linataka useme hivyo, na jambo lenyewe si uongo. Lakini kaa kidogo zaidi. Isis ni mungu, na maziwa yake yalikuwa yakimpa mfalme haki ya kutawala. Mariamu yule wa pembe alikuwa wa kuelekezewa dua nyumbani mwa tajiri au kanisani, na mgongo wake umepinda kidogo kwa kufuata mpindo wa pembe yenyewe. Mama wa Kiyombe hatabasamu wala hamtazami mtoto. Macho yake yanatazama mbele, mwili wake umepambwa kwa chale, na alitengenezwa katika desturi iliyohusu uzazi, waliotangulia na nguvu za ukoo. Kukaa ni kule kule, kazi ni mbalimbali. Nadhani kabati lile lina faida pale tu unapokubali kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuona ufanano, halafu kuuliza kila mmoja wao alikuwa akimfanyia nani kazi. Na umwangalie Mkongo kwa muda ule ule unaomwangalia Mmisri. Wageni wengi hawafanyi hivyo.

Kutoka hapo mpango unafuata wakati. Mtu aliyezoea makumbusho ya Ulaya, ambako Misri ina ghorofa yake, Ugiriki yake na Afrika iko peke yake mwisho wa ngazi, atashtuka kuona kwamba hapa kila sura ina dunia nzima ndani yake. Vijiji vya kwanza, madola ya kwanza, himaya, dini, njia za biashara, hadi leo, sura 12 kwa jumla. Mpango huu ndio ninaoupenda kuliko kitu kingine ndani ya vyumba. Unamlazimisha mtazamaji kuuliza majirani walikuwa wakifanya nini.

Mwanzoni mwa safari kulikuwa na sanamu ya plasta yenye vichwa viwili, iliyoazimwa kutoka Jordan, ya kijiji cha Ain Ghazal. Umri wake ni kama miaka 8,500. Macho yake yamezungushiwa rangi nyeusi, na yanakutazama moja kwa moja, na mtu hujikuta amerudi nyuma hatua moja. Mbele kidogo yuko mwanamke mdogo wa mawe kutoka Asia ya Kati, anayeitwa binti mfalme wa Bactria, amevaa joho la manyoya lililochongwa tutatuta, kichwa chake jiwe la rangi nyingine. Ningekushauri kuchagua wachache kama hao na kuwaacha wengine wapite. Jumba lina mamia ya vitu na miguu ya mtu ina ukomo.

Katika sura ya dini, Kurani, Torati na Biblia zimewekwa jirani, pamoja na maandiko ya Kibudha, katika chumba chenye mwanga hafifu kwa sababu wino na ngozi havivumilii nuru. Torati ni ya Yemen, iliyonakiliwa Sanaa mwaka 1498, na kurasa zake zimepambwa kwa mtindo ambao mtu aliyezoea misahafu ataudhania wa msahafu. Mayahudi wa Yemen na Waislamu wa Yemen walikuwa na mkono mmoja wa kupamba. Wazo hilo limejengwa pia kwa zege hapo hapo Saadiyat: tangu 2023 ziko nyumba tatu za ibada, msikiti, kanisa na sinagogi, mchemraba kila moja, zenye kimo sawa na sura tofauti, katika uwanja mmoja. Aliyezisanifu ni David Adjaye, Mwingereza wa asili ya Ghana, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Ukiwa na saa mbili za ziada, nenda.

Lakini chumba ambacho mtu wa pwani anatakiwa kukifikia akiwa bado na nguvu ni kile cha njia za biashara za Asia. Humo zimo kauri za China na za nchi za Kiislamu, na kisa chake ni kirefu na kitamu. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra waliviona vyombo vyeupe vya China na kuvitamani. Hawakuwa na udongo ule mweupe wala tanuri zenye moto ule mkali, kwa hiyo wakapaka vyombo vyao rangi nyeupe yenye bati ndani yake, na juu ya weupe huo wakachora kwa buluu ya kobalti. Karne kadhaa baadaye kobalti ya Uajemi ikasafiri kwenda China, na mafundi wa Jingdezhen wakachora nayo buluu juu ya kauri nyeupe, vyombo ambavyo dunia nzima leo huviita vya Kichina. Vikarudi Magharibi, wafinyanzi wa Iznik huko Uturuki wakaviiga nao. Kila bakuli katika chumba hicho ni mwanafunzi wa bakuli jingine.

Na sisi tulikuwepo. Vipande vya bakuli hizo vimechimbuliwa Kilwa, Gede, Manda na Pate. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 mji ulikuwa ukipokea bidhaa za bahari yote ya Hindi na kuuza dhahabu iliyopitia Sofala. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, sahani za China zilizamishwa ndani ya chokaa ya nguzo. Nyingi zimeng'olewa, mashimo ya duara yamebaki. Na katika nyumba kubwa za Lamu na Pate chumba cha ndani kilikuwa na ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa mstari juu ya mstari, ambamo ziliwekwa kauri za mbali, vitabu na vitu vya thamani. Mwenye nyumba alivipanga, akavitazama, akamwonyesha mgeni aliyestahili kufika ndani. Tuseme wazi: yalikuwa makusanyo ya sanaa ya dunia, yaliyowekwa kwa makusudi, miaka mingi kabla ya Louvre ya Paris kufunguliwa kwa umma mwaka 1793 au baada yake kidogo, katika vyumba ambavyo upana wake ulipangwa na boriti zile zile. Ukisimama mbele ya kabati la kioo la Abu Dhabi ukiwa unatoka Lamu, desturi unayoitazama unaijua.

Ndiyo maana nasema tuiache adabu ya mgeni. Nenda karibu na kioo. Soma maelezo. Tafuta ramani iliyo ukutani na uangalie mistari ya meli inaishia wapi upande wa kusini. Ikikatika Muscat au Aden, mwambie mtoto wako iendelee: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Kilwa, Sofala.

Ulaya ya wafalme nitaipita upesi, kwa kuwa ina wa kuisemea wengi. Napoleon juu ya farasi, wa mchoraji David, huvutia umati popote alipo. Leonardo da Vinci naye ana kisa chake: mchoro wa Kristo unaohusishwa naye, Salvator Mundi, ulinunuliwa New York tarehe 15 Novemba 2017 kwa dola milioni 450.3, bei ambayo mchoro wowote ulikuwa haujawahi kuifikia mnadani. Abu Dhabi ikatangaza kwamba utaonyeshwa hapa Septemba 2018, kisha ikaahirisha, na tangu hapo haujatundikwa. Watu bado huwauliza walinzi. Mimi ningewaambia wageuke wautafute mchoro mwingine.

Unaitwa Emir Kijana Akisoma, wa mwaka 1878. Kijana amejilaza kifudifudi, kitabu kimefunguka mbele yake, nguo zake zimetanda, nyuma yake ni vigae na mapambo. Wazungu wa wakati ule walichora Mashariki ya uvivu: wanawake waliolala, walinzi waliosinzia, watumwa sokoni. Huyu kijana amelala pia, lakini anasoma, na amezama kabisa katika alichokisoma. Aliyemchora ni Osman Hamdi Bey, Mturuki aliyesomea uchoraji Paris, akarudi kwao akijua barabara mtindo wa Wazungu na akijua pia uongo wake ulipo. Mwaka 1881 alifanywa mkuu wa makumbusho ya dola mjini Istanbul, na mwaka 1884 alisimamia sheria iliyokataza vitu vya kale kutolewa nje ya milki ya Waosmani. Kabla ya hapo wachimbaji wa Ulaya walikuwa wakivifungasha na kuondoka navyo kwa vibali vyepesi. Mkono uliochora kitabu kile ulichora pia mpaka.

Nikitoka kwa Hamdi Bey huwa siwezi tena kusoma maelezo ya kitu chochote bila kuangalia mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo, unaosema kilipatikana vipi. Jumba hili halikuwa na hazina ya kurithi. Lilianza kununua mwaka 2009, katika soko la vitu vya kale ambalo si safi. Nchini Ufaransa uchunguzi wa mahakama umehusu vitu kadhaa vya Misri vilivyouzwa kwa Abu Dhabi, kikiwemo jiwe la itale ya waridi lenye jina la Tutankhamun, lililonunuliwa 2016. Waliotuhumiwa wamekana, na jumba lenyewe limeingia katika shauri kama upande uliodhurika. Hili ni jambo zito, na mtu anayelipenda jumba kama ninavyolipenda mimi ana wajibu wa kulifuatilia.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanajua uzito wake. Vigango, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki, viliibwa makayani na mashambani kwa miongo mingi, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia katika makumbusho na majumba ya matajiri wa Marekani kama sanaa ya Afrika. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho mawili ya Marekani, na 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha vingine 30. Kigango kimoja katika kabati la kioo, chenye taa nzuri na maelezo mafupi, kinaweza kumpendeza mtazamaji asiyejua kitu. Kwa ukoo ulioachwa na shimo ardhini ni msiba.

Mapema mwaka 2025 Louvre Abu Dhabi liliweka maonyesho makubwa ya wafalme na malkia wa Afrika, kwa ushirikiano na makumbusho ya Quai Branly ya Paris. Quai Branly, iliyofunguliwa 2006, ilisanifiwa na Nouvel huyo huyo, na inahifadhi vitu vipatavyo 70,000 vya Afrika kusini ya Sahara, ambavyo vingi vilikusanywa wakati wa ukoloni. Baadhi vilisafiri hadi Saadiyat, na kwa miezi kadhaa viti vya enzi, fimbo na vinyago vya Afrika Magharibi na ya Kati vilikuwa upande huu wa bahari ya Hindi, saa tano hivi kwa ndege kutoka Nairobi. Niliona ni jambo la furaha, na niliona pia lilikuwa limeishia njiani. Mikataba ya kuazimana inajulikana inavyoandikwa. Ule wa 2007 umesainiwa kwa miaka 30 na kusogezwa mbele bila shida. Wakurugenzi wa makumbusho ya Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa wanapaswa kuomba, kwa maandishi, kwamba maonyesho ya namna hiyo yakifungwa Abu Dhabi yateremke kusini kabla ya kurudi Paris. Na orodha ya vitu iambatane na mstari ule wa chini, umeandikwa kwa ukamilifu, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee wa kaya anaweza kuzisoma bila miwani.